Nina cheti cha AGPO lakini sipati tenda. Je, nimwazime mfanyabiashara mwingine?

Swali

Mwalimu, salaam nyingi. Mimi ni mama wa miaka 41, natengeneza sabuni ya maji na kuuza vifaa vya usafi hapa Pwani ya Kenya. Biashara yangu imesajiliwa kwa jina tu, si kampuni. Nilipata cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi maalum nafasi ya kuiuzia bidhaa na huduma, karibu miaka miwili iliyopita baada ya kusikia kwamba serikali imewatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya tenda. Tangu hapo nimeomba tenda nne, kwenye kaunti na kwenye shirika moja la serikali. Sijapata hata moja, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Sasa kuna mfanyabiashara mwenye mtaji anayetaka kutumia jina langu na cheti changu kuomba tenda ya mamilioni. Kazi yote atafanya yeye, mimi nipewe asilimia 10. Wenzangu wanasema kila mtu hufanya hivyo. Nikubali? Na hiyo asilimia 30 ipo kweli, au ni maneno ya jukwaani?

Jibu

Dada yangu, usikubali. Naanza na hilo kwa sababu huyo bwana huenda anasubiri jibu lako wiki hii, na mengine tunaweza kuyazungumza bila haraka.

Fikiria kile anachokuomba. Stakabadhi za zabuni siku hizi zina fomu nyingi za kutia sahihi, na miongoni mwake ni ile ya kutaja mmiliki halisi, yaani mtu anayefaidika na biashara na kuiendesha. Ukijiandika wewe hali anayenunua, anayesambaza na anayekula faida ni yeye, umedanganya kwa maandishi na sahihi yako iko pale chini. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 huuhesabu udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Mtu binafsi akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini hadi Sh4 milioni, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Mbali na hayo unaweza kupigwa marufuku kushiriki tenda yoyote ya serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu. Yeye atatafuta mama mwingine mwenye cheti. Wewe jina lako ndilo litakalobaki kwenye orodha ya waliofungiwa.

Halafu kuna kodi, jambo ambalo watu hawalifikirii mpaka barua ya KRA, mamlaka ya kodi, ifike. Ankara ya serikali itatoka kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa PIN yako, yaani nambari yako ya mlipa kodi. Tenda ikiwa ya Sh6 milioni, KRA itaona kwamba wewe umeuza bidhaa za Sh6 milioni. Haitaona kwamba mkononi mwako zilipita laki chache. Kiwango cha kujisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni mauzo ya Sh5 milioni kwa mwaka, kwa hiyo tenda moja tu itakuwa imekuvusha, nawe huna risiti za manunuzi za kujitetea kwa sababu aliyenunua ni yeye. Na kwa vile biashara yako ni ya jina tu, hakuna ukuta kati ya deni la biashara na mali yako. Bidhaa zikikataliwa kwa ubovu, au akichukua mkopo kwa LPO (hati ya taasisi ya kuagiza bidhaa) iliyoandikwa jina lako kisha asilipe, anayefuatwa nyumbani ni wewe. Kwa kawaida watu hawa huomba pia wawe watia sahihi kwenye akaunti yako ya benki. Akishalitamka hilo, mazungumzo yaishie hapo.

Kuna sababu nyingine ya kukataa, nayo hainihusu mimi wala wewe peke yetu. Kila tenda ya akina mama inayoliwa na mwenye mtaji kwa cheti cha kuazima huandikwa kwenye ripoti za serikali kama tenda iliyomwendea mwanamke. Hesabu inapendeza, Bunge linasomewa kwamba lengo linakaribia kutimia, na mwenye kiwanda kidogo cha sabuni kama wewe anaulizwa analalamikia nini. Mazoea haya yamekula mpango huu kuliko uzembe wowote wa maafisa. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewafundisha wanawake wengi waliokuwa na uwezo kamili wa kufanya kazi waliyoigawa kwa asilimia 10.

Sasa tuje kwenye asilimia 30. Ipo, na si maneno ya jukwaani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, kisha inaruhusu sheria iwape kipaumbele makundi fulani na iwalinde watu waliobaguliwa au kunyimwa nafasi zamani. Kanuni za 2011 zilitenga asilimia 10. Mwaka 2013 ikapandishwa hadi 30, na mwezi Oktoba mwaka huo AGPO ikazinduliwa. Sheria ya 2015 ikaligongea msumari, kwani kifungu cha 53 kinasema mipango yote ya ununuzi itenge angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa biashara za wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Maneno hayo “makundi mengine” yana maana yake. Katiba, Kifungu cha 56, inazitaja jamii za wachache na zilizotengwa, na mtu wa jamii kama hizo ana hoja ya kisheria hapa ingawa vyeti vingi hutolewa kwa makundi matatu ya kwanza. Kwa kaunti sheria inaongeza kwamba asilimia 20 ya ununuzi iwaendee wakazi wa kaunti yenyewe.

Soma tena hilo neno mipango, kwa maana ndipo shida yako ilipo. Asilimia 30 haipatikani kwenye tangazo la gazeti. Inapatikana kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, waraka ambao kila taasisi ya umma huuandaa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Humo kila kitu kitakachonunuliwa kina mstari wake: ni kitu gani, kiasi gani cha fedha, robo ipi ya mwaka, kwa njia gani ya ununuzi, na kimetengewa kundi gani. Tangazo linapotoka, uamuzi wa nani ametengewa nini ulishapita miezi mingi. Mama anayesubiri tangazo anafika wakati chakula kimeshapakuliwa.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuuomba mpango huo, kwa barua, kutoka kwa taasisi unazotaka kuziuzia. Usiombe kwa mdomo mlangoni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na ikikaa kimya au ikikataa unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Omba vitu viwili katika barua moja: mpango wa ununuzi wa mwaka huu, na orodha ya tenda zilizotolewa kwa makundi maalum mwaka uliopita pamoja na thamani zake. Orodha ya pili inakuonyesha kama vifaa vya usafi vilitengwa kweli, kwa bei gani, na kama majina ni yale yale kila robo. Agizo la Rais nambari 2 la 2018 lilitaka taasisi zichapishe tenda zilizotolewa, na tovuti ya tenders.go.ke ina sehemu ya taarifa hizo, hivyo anza kutafuta huko kabla ya kuandika.

Jambo la pili ni njia ya ununuzi. Umesema uliomba tenda nne, na nahisi zote zilikuwa tenda za wazi ulizoziona zikitangazwa. Lakini sabuni, fagio, dawa ya choo na karatasi za shashi kwa ofisi ya kawaida hazifiki huko. Hununuliwa kwa njia ya kuomba bei, ambayo kanuni za 2020 zinairuhusu kwa bidhaa za hadi Sh3 milioni. Afisa wa ununuzi huchukua orodha ya wauzaji waliosajiliwa na taasisi hiyo, huchagua wasiopungua watatu, huwatumia fomu wajaze bei. Kama humo orodhani hujaandikwa, cheti chako cha AGPO hakikufikishi popote, kwa sababu hakuna atakayekutumia fomu. Cheti hicho cha AGPO, kinachotoka Hazina Kuu, kinasema wewe ni nani. Orodha ya taasisi ndiyo inayokuingiza kwenye ushindani, na ni vitu viwili tofauti.

Taasisi nyingi hutangaza usajili wa wauzaji miezi michache kabla ya Julai, lakini sheria inataka orodha isasishwe mara kwa mara, kwa hiyo unaweza kupeleka maombi wakati wowote na kudai stempu ya kupokelewa kwenye nakala yako. Ushauri wangu ni uchague taasisi chache zilizo karibu nawe, usitawanye nguvu kaunti nzima: hospitali ya kaunti ndogo, chuo cha kiufundi, ofisi ya kampuni ya maji, shule za sekondari za umma. Wanawake wengi hukimbilia makao makuu ya kaunti kwa sababu ndipo kelele ziliko. Shule ya bweni yenye wanafunzi mia saba inatumia sabuni nyingi kila muhula, na wanaoiuzia hawajapigana sana.

Pia jisajili kwenye e-GP, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali. Tangu 2025 Hazina Kuu imekuwa ikisukuma ununuzi wote uhamie humo, na ingawa jambo hilo limezua mabishano hadi mahakamani, mwelekeo ni huo. Ukiwa nje ya mfumo utakuwa nje ya orodha.

Tuzungumzie sasa kwa nini maombi yako yalianguka. Sijaziona karatasi zako, lakini nina mashaka na mambo matatu, na la kwanza ni zito kuliko mengine. Unatengeneza sabuni mwenyewe. Je, ina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya? Taasisi ya umma inayonunua sabuni ya maji huweka alama hiyo katika masharti ya lazima, na tathmini ya hatua ya kwanza ni ya ndiyo au la. Ukikosa kimoja umetoka, hata kama bei yako ni ya chini kuliko zote. KEBS ina utaratibu maalum kwa wajasiriamali wadogo, wenye ada nafuu kuliko za viwanda vikubwa. Mpaka upate kibali, omba tenda za bidhaa unazonunua kwa jumla zilizo na alama tayari, na sabuni yako mwenyewe iendelee kuuzwa madukani.

La pili ni nambari za kurasa. Utaona kama ni jambo dogo, ila sheria inataka kurasa zote za zabuni ziwe na nambari zinazofuatana, na zabuni nyingi za wanawake hutupwa kwa hilo peke yake. Kila karatasi, hata nakala ya kitambulisho na cheti cha kodi kilicho nyuma kabisa, iandikwe nambari kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. La tatu ni bei. Jumla unayoiandika kwenye fomu ya zabuni, inayosomwa mbele ya watu siku ya kufungua, ndiyo ya mwisho. Sheria hairuhusu irekebishwe hata ukiwa ulikosea kujumlisha. Kaa na mtu mwingine aipige hesabu upya kabla hujafunga bahasha.

Na kama kwenye tenda iliyotengewa makundi maalum uliwahi kudaiwa dhamana ya zabuni kutoka benki, ulidaiwa kinyume cha sheria. Kwa tenda hizo unajaza fomu ya tamko la kudhamini zabuni, bila kulipa hata senti. Vivyo hivyo usajili wa AGPO ni bure. Anayekutoza maelfu ya shilingi saibani anakutoza kwa kazi ya kubofya tu.

Kuhusu kutoambiwa sababu, hilo silikubali na wewe usilikubali. Taasisi ikimtangaza mshindi, inapaswa kuwaarifu kwa maandishi wakati huo huo wale wote walioshindwa, na kila mmoja aelezwe kwa nini. Mkataba hausainiwi kabla siku 14 hazijapita tangu barua hizo, na siku hizo 14 zimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ndani yake unaweza kupeleka ombi la mapitio kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, ambayo ina siku 21 za kuamua, na mchakato wa kusaini mkataba husimama mpaka uamuzi utoke. Kuna ada ya kulipa, kwa hiyo sikushauri ukimbilie Bodi kwa kila tenda ya laki mbili. Lakini barua ya kudai sababu haina ada. Iandike kila mara, kwa heshima, ukitaja nambari ya tenda na tarehe ya kufunguliwa. Nimeona namna afisa anavyobadilika akijua kwamba mzabuni fulani huandika barua. Mara ya pili huangalia karatasi zake kwa makini zaidi, kwa sababu anajua atatakiwa kueleza.

Nije kwenye fedha, maana nadhani ndicho kilichokufanya umsikilize huyo mwenye mtaji.

Ukipata LPO, unahitaji pesa za kununua bidhaa leo na serikali italipa baadaye. Hapo ndipo wanawake wengi huvunjika. Kanuni zimelifikiria hili: taasisi inayonunua inapaswa kuthibitisha LPO yako kwa mkopeshaji, na kuingia makubaliano naye kwamba malipo yatapitia akaunti uliyofungua kwake. Kwa njia hiyo LPO yenyewe inakuwa dhamana, huhitaji hati ya shamba. Women Enterprise Fund, mfuko wa serikali wa wanawake ulioanzishwa 2007, umekuwa ukitoa mikopo ya LPO, na ule wa vijana, Youth Enterprise Development Fund wa 2006, kwa walio chini ya miaka 35. Baadhi ya benki na sako nazo hufanya hivyo. Nenda ofisi ya Women Enterprise Fund iliyo karibu kabla hujapata LPO, ukaulize masharti yao na muda wanaochukua. Ukienda ukiwa na LPO mkononi yenye siku 14 za kuwasilisha bidhaa, utarudi kwa yule bwana.

Lakini piga hesabu ya kuchelewa kabla ya kuandika bei. Chukua mfano wa LPO ya Sh400,000. Bidhaa zinakugharimu Sh300,000 na usafiri Sh20,000, kwa hiyo unaona faida ya Sh80,000. Umekopa zile Sh320,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ambayo ni Sh9,600. Ukilipwa baada ya miezi mitatu, riba imekula Sh28,800 na bado umebaki na kitu. Ukilipwa baada ya miezi minane, riba imefika Sh76,800. Umebeba katoni, umepanga foleni, umesaini karatasi, na mfukoni umebaki na Sh3,200 kabla ya kodi. Kuna taasisi zinazolipa kwa wiki sita, na kuna kaunti zenye malimbikizo ya madeni ya miaka. Bei yako haiwezi kuwa moja kwa zote mbili, na kwa baadhi yake bei sahihi ni kutoomba kabisa.

Utajuaje nani hulipa? Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za utekelezaji wa bajeti za kaunti zote, na humo kila kaunti inaonyeshwa inadaiwa kiasi gani na wauzaji na wakandarasi. Isome ya kaunti yako kabla ya kusaini chochote. Mwaka 2023 Rais Ruto aliunda kamati ya kuhakiki madeni ya serikali kuu ya kuanzia 2005 hadi 2022, ikiongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu Edward Ouko. Ikifika mahali kamati inahakiki madeni yenye umri wa mtoto aliyemaliza sekondari, mfanyabiashara mdogo ana haki ya kuwa mchaguzi. Sheria hata hivyo iko upande wako: hairuhusu ununuzi kuanza kabla fedha hazijathibitishwa kuwepo, na anayeuanzisha akijua hakuna fedha anatenda kosa. Inaruhusu pia kudai riba kwa malipo yaliyochelewa, mkataba wako usipokuwa umesema vingine. Soma kipengele hicho, na siku ya malipo ikipita peleka barua ya ukumbusho ukitaja riba. Wachache hufanya hivyo, ila barua hiyo ni ushahidi ukitaka kwenda mbele.

Na tafadhali, usipeleke bidhaa kwa simu. “Leta kwanza mama, LPO tunaiandaa” ni maneno yaliyowafilisi watu wazuri. Bila LPO yenye sahihi huna mkataba, na bila hati ya kupokelewa kwa bidhaa iliyopigwa muhuri huna deni la kudai.

Msomaji wa Tanzania anayeipitia barua hii aelewe kwamba vifungu nilivyotaja ni vya Kenya. Kwenu nako asilimia 30 imetengewa makundi maalum, lakini mlango wenu ni NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na uzito umewekwa kwenye vikundi vilivyosajiliwa zaidi kuliko mtu mmoja mmoja.

Mara nyingi naulizwa kama kutenga huku kunafaa, au kunawafanya wanawake waonekane hawawezi kushindana. Naamini kunafaa, na nina sababu. Marekani iliweka mwaka 1994 lengo la asilimia 5 tu ya mikataba ya serikali kuu kwa biashara za wanawake. Mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya kuruhusu mikataba itengwe kwa ajili yao, lakini utaratibu wa kuitekeleza ukaja kuanza kazi 2011. Lengo la asilimia 5 likafikiwa kwa mara ya kwanza katika mwaka wa fedha wa 2015, zaidi ya miaka ishirini tangu liwekwe. Ushindani uliachwa peke yake kwa muda wote huo na haukuleta mabadiliko. Yaliletwa na sheria ya kutenga pamoja na vyama vya wanawake wafanyabiashara vilivyopiga kelele mwaka hadi mwaka. Sisi sheria tuliipata upesi zaidi na kwa kiwango kikubwa zaidi. Tulichokosa ni watu wa kuidai.

Hapo nina ombi kwako. Usiandike barua hizo peke yako. Una chama, bila shaka, au unawajua wanawake wengine wenye vyeti vilivyolala kabatini. Kila kaunti kisheria inapaswa kuwa na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, na wanawake wana mwakilishi humo, vilevile wafanyabiashara na watu wenye ulemavu. Mtafuteni, mjue anaitwa nani. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hiyo kati ya Februari na Aprili ndio wakati wa kupeleka hoja moja iliyo wazi: kwamba ununuzi mkubwa ugawanywe mafungu ambayo biashara ndogo inaweza kuyabeba, jambo ambalo sheria inaliruhusu kwa ajili ya makundi haya hasa. Tenda ya usafi wa hospitali zote za kaunti kwa mkataba mmoja humwendea mwenye mtaji kila mwaka. Ikigawanywa kwa kaunti ndogo, wewe unaingia. Ombeni pia ripoti za asilimia 30 zionyeshe thamani ya fedha na si idadi ya tenda peke yake, maana taasisi inaweza kuwapa wanawake tenda hamsini za chai na mandazi, kisha mkataba mmoja wa dawa au barabara ukazizidi zote.

Sijasema lolote kuhusu kuungana na mtu kihalali, na usije ukadhani nakukataza. Kama huyo bwana ana mtaji na wewe una ujuzi wa sabuni, anaweza kukukopesha kwa mkataba wa maandishi wenye riba inayojulikana, au kukuuzia bidhaa kwa mkopo wa siku 60 ukalipa ukilipwa. Anaweza hata kununua hisa mkisajili kampuni, mradi angalau asilimia 70 ibaki mikononi mwa wanawake na uongozi wote uwe wa wanawake, kwa maana ndivyo sheria inavyopima. Mpelekee pendekezo hilo. Akilikataa utakuwa umejua alichokuwa anakitaka.

Jambo la mwisho lina haraka. Cheti cha AGPO hudumu miaka miwili, na chako kimekaribia kuisha. Anza kukihuisha sasa kwenye tovuti ya AGPO, ukiwa na cheti cha kodi cha KRA kisichopitwa na wakati na usajili wa biashara, halafu ukishakipata kipya peleka nakala kwa kila taasisi uliyojisajili. Zabuni inayobeba cheti kilichoisha juzi huondolewa hatua ya kwanza, sawa na isiyo na cheti kabisa.